Kanivunja Mbavu

Mama mkwe wangu alikuwa akipasua mifupa kwa riziki. Naanzia hapo, maana mtaani wanapenda kuanzia siku ya kile kipigo, halafu wanajifanya wanamjua. Hawamjui hata kidogo. Walikuwa wananunua nyama kwake tu.

Bucha lake lilikuwa chumba kimoja chenye vigae vyeupe, kulabu darini, mizani, gogo la kukatia, na nyuma yake mlango unaoingia moja kwa moja uani kwetu. Nusu ng'ombe ikiletwa alfajiri, yeye ndiye aliyeipokea begani. Shoka lake halikushikwa na mtu mwingine. Akilishusha, vipande vya mfupa viliruka mpaka kibarazani kwa fundi cherehani wa ng'ambo, na fundi akilalamika, alijibiwa ahamishe cherehani yake au ahamishe macho yake, chochote kitakachomwia rahisi. Mama hakuwa na simile na mtu.

Mtaani walimwita Mama Shoka, na jina hilo lilitokana na mumewe. Baba mkwe huyo simjui, namshukuru Mungu. Alikuwa na mkono mwepesi. Alimng'oa mama jino, akampasua ngoma ya sikio, na mtaa mzima ukasikia na kuendelea na chakula chake cha jioni. Siku moja mchana akamfuata mpaka dukani, akamzaba kofi mbele ya wateja. Mama akaudaka mkono uleule, akaulaza juu ya gogo, akalishusha shoka katikati ya kidole gumba na cha shahada. Shoka likazama kwenye mti. Akamwambia linalofuata halitapita katikati. Yule bwana aliondoka na kiatu kimoja, na hajarudi kuchukua cha pili.

Alipofika miaka thelathini na minane akapata uvimbe tumboni, damu haikatiki. Hospitali wakamtoa kizazi na vifuko vya mayai vyote viwili, wakamshona, wakamwambia asiinue mizigo kwa muda. Basi, hayo tu. Hakuna aliyemweleza kwamba kuna kitu kingine kimeondoka pamoja na hivyo vifuko. Alirudi kwenye gogo kidonda kibichi. Joto likimpanda ghafla, alifungua friji ya nyama akaingiza kichwa ndani, na wateja wakicheka aliwatukana akiwa humohumo.

Mwanawe, ambaye ndiye mume wangu, anaitwa Kituko. Huyu alirithi kazi ya bucha lakini hakurithi hasira. Ni mtu wa maneno na maigizo. Mteja akitoka tu mlangoni, Kituko ameshamvaa mwendo wake, sauti yake, mpaka anavyokuna shingo. Mimi nilikuwa nafunga nyama kwenye karatasi na nusu ya siku nafuta machozi ya kucheka. Na nyumba yetu, nisiwafiche, lugha yake ilikuwa ya buchani. Nitakuchinja. Nitakutoa utumbo. Leo sikuachi mzima, bibi wewe. Hayo yalikuwa mapenzi yetu, na fundi cherehani aliyasikia yote kutoka ng'ambo akiwa na sindano mdomoni.

Mama alipokaribia sitini akaanza kugombana na mimi kuhusu magauni. Kila gauni linaburura chini. Akasema nayafua vibaya, nayavuta yananyooka. Mimi nami sikukubali kuonewa, nikamtolea uvivu, tukanuniana siku nzima tukiongea kupitia kwa Kituko. Kumbe magauni hayakurefuka. Yeye ndiye aliyekuwa anafupika. Mgongo nao ulikuwa umeanza kuinama, na watu wakasema ni shoka hilo, miaka yote hiyo, lazima limpinde.

Kisha akateleza kwenye vigae, akajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Mtelezo mdogo tu, mtoto angeinuka akaendelea kucheza. Alipotoka na plasta, fundi cherehani akavuka barabara kuja kutoa pole, akamtazama Kituko kwa muda mrefu, akaondoka bila kununua kitu. Kuanzia hapo shoka akalishika Kituko, na maneno yakaanza kutembea. Kijana anampiga mama yake. Hamsikii anavyomtishia? Mkaza mwana naye ni yule yule, wanataka kumrithi bucha akiwa hai.

Mimi nilitaka kwenda kummwagia huyo fundi ndoo ya damu juu ya vitambaa vyake. Mama akanizuia. Akasema umbea ukiachwa peke yake unachoka. Hapo alikosea sana.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai uani. Mama alikuwa na kikohozi. Kituko akaanza kumwigiza tajiri mmoja mwenye mkono wa birika anayekuja kuuliza bei ya nyama ya ng'ombe mzima kisha ananunua mfupa wa paka. Akamwigiza anavyouchungulia huo mfupa, anavyouomba uongezwe nyama, anavyouaga. Mama alicheka mpaka chai ikampalia, kicheko kikageuka kikohozi, na katikati ya kikohozi akanyamaza ghafla na kujishika ubavu. Uso ukawa na rangi ya jivu. Nilidhani anaendelea na utani. Alikuwa hawezi kuvuta pumzi.

Tabibu wa zahanati akambonyeza, akampeleka kwenye picha, akatwambia mbavu zimevunjika. Kisha akamuuliza nani kampiga. Mama akamjibu nimecheka. Tabibu akamtazama Kituko vilevile kama fundi cherehani. Akatupa dawa za maumivu na kutwambia mgonjwa alale.

Mchana akapiga simu mjomba. Huyu ni mdogo wake mama, wa kiume, msimamizi wa wapakiaji mizigo kwenye maghala, mtu wa kifua na sauti. Alimpenda dada yake kupita kiasi, na alikuwa ameshajazwa maneno tangu siku za plasta. Akauliza hali. Mama, na maumivu yake yote, hakuweza kuiacha hiyo nafasi ipite. Akamwambia, "Huyu mpwa wako leo kanivunja mbavu."

Ndivyo tunavyosema, si ndiyo? Mtu akikuchekesha, kakuvunja mbavu. Na safari hii kuna mbavu kweli, kwa hiyo utani ulikuwa mtamu mara mbili. Lakini akataka kuucheka mwenyewe, na ubavu ukamchoma. Akaguna, akapiga ukelele, simu ikaangukia godoro. Mimi nikamwinamia nikamwambia anyamaze, asiseme tena, anajiumiza. Mjomba akiwa upande wa pili alisikia dada yake amevunjwa mbavu, akasikia analia, akasikia mkaza mwana akimnyamazisha. Hayo ndiyo aliyoyasikia. Akakata simu.

Angekuwa na akili timamu siku hiyo angekuja mwenyewe kuuliza. Alimpigia fundi cherehani. Na fundi akamwambia ukweli mtupu, kwamba mama katoka zahanati, na tabibu kasema mbavu zimevunjika.

Walikuja kesho yake asubuhi, bucha limejaa. Mjomba na wapakiaji wake wawili, kila mmoja na nondo. Kituko alikuwa amegeuka anateremsha mguu kwenye kulabu. Nondo ya kwanza ikampata begani, mtulinga ukalia. Mguu wa ng'ombe ukamwangukia, naye akaanguka chini yake, na wao wakaendelea kupiga mguu na mtu kwa pamoja bila kuchagua. Wateja wakatoka mbio, kisha wakasimama nje kutazama. Hakuna aliyeingia. Nilimsikia mmoja akisema mwacheni alipwe.

Alijaribu kusema. Kituko na maneno yake, alijaribu kusema mjomba nisikilize, na nondo ikamkata kauli. Taya likaenda upande. Niliona meno juu ya vigae, nikaona damu inakimbilia kwenye mfereji ule ule tunaooshea damu ya nyama. Nilimrukia mpakiaji mmoja nikamng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya chumvi, akanitupa kwenye mizani. Mizani ikaniangukia. Nikainuka, nikatupwa tena.

Mjomba akamwinua Kituko kwa ukosi, akamkokota mpaka kwenye gogo. Akaulaza mkono wake wa kulia juu yake. Shoka lilikuwa pale pale. Akalishika. Alikuwa analia huyo mtu mzima, kamasi zinamtoka, anauliza ndio mkono aliompigia mama yake, ndio huu, sema, na Kituko hana tena kinywa cha kujibia.

Mlango wa uani ukafunguka. Mama alikuwa na kanga kifuani na mguu mmoja bila kandambili. Hakupiga kelele, maana pumzi hakuwa nayo. Alikuja ameinama vile vile, akajilaza kifudifudi juu ya gogo, juu ya mkono wa mwanawe, mbavu zake zilizovunjika chini na shoka juu.

Mjomba akashtuka, akalitupa shoka. Akawa mpole mara moja, kama mtu aliyekuta mtoto amelala njiani. Akamwambia dada inuka, yamekwisha, nimeshafika. Akamshika mkono, hapa juu karibu na bega, amnyanyue. Hakumvuta. Nilikuwa pale, nimesimama karibu kuliko nilivyo sasa na kikombe hiki, na naapa hakumvuta.

Mfupa ukakatika mkononi mwake. Sote tuliusikia. Mkono wa mama ukapinda mahali pasipo na kiungo, na mjomba bado ameushika, anautazama, hajui auachie au aushikilie. Wapakiaji wakaweka nondo chini. Mama akamtazama mdogo wake usoni.

"Ona sasa," akamwambia.

Polisi walipofika, umati wa nje uliwaonyesha Kituko. Huyo ndiye mpiga mama, huyo pale. Akafungwa pingu akiwa hajui aliko. Na mjomba, aliyekuwa ametoka kusikia kwa mkono wake mwenyewe jinsi dada yake anavyovunjika, alisimama ukutani na hakufungua kinywa. Hilo ndilo ninalomchukia nalo. Kipigo alikipiga akiwa kipofu wa hasira, sawa. Ukimya ule alikuwa anaona.

Hospitali kubwa wakamlaza Kituko wodi ya wanaume, taya limefungwa nyaya, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye kitanda. Mama wakamlaza ya wanawake. Huko ndiko alikokuja daktari wa mifupa, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba, aliyekuwa akifanya utafiti juu ya mifupa na homoni za watu wanaozeeka. Alitazama picha, akavuta kiti. Swali lake la kwanza halikuwa nani kakupiga. Alimuuliza mama siku zake zilikoma lini.

Mama akamwambia zilikomeshwa. Akaeleza habari ya kizazi na vifuko. Daktari akauliza kama baada ya hapo alipewa homoni yoyote, au kama kuna mtu aliyewahi kumpima mifupa. Mama akacheka kidogo, akajishika ubavu, akasema mifupa aliyowahi kupimiwa ni ya kuuza.

Wakampeleka kwenye mashine, akalazwa, mkono wa chuma ukapita juu yake bila kumgusa. Daktari alirudi na picha ya mgongo. Pingili kadhaa zilikuwa zimebonyea, za zamani, zimebonyea moja baada ya nyingine bila mtu kujua. Hapo ndipo magauni yalipoanza kuburura. Nilisikia aibu na hasira kwa wakati mmoja, kwa zile siku tulizonuniana.

Alitueleza kwa maneno mepesi. Mfupa si jiwe, alisema, mfupa unaliwa na kujengwa kila siku, maisha yote. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni ndiyo inayowazuia walaji wasizidi wajenzi. Inatoka kwenye vile vifuko. Uzeeni inapungua kwa kila mwanamke, na mifupa ya wanaume nayo inapungua nguvu kadiri wanavyozeeka, ila kwa mama ilikatwa siku moja, akiwa bado kijana, na hakupewa ya kuiziba. Tangu hapo walaji wamekula peke yao. Mfupa wa hivyo unavunjika kwa kikohozi. Unavunjika kwa kushikwa vibaya, hata kwa kushikwa vizuri. Kuna dawa za kuupunguzia kasi na kuuongezea nguvu, na angeanzishiwa mara moja, lakini kilicholiwa hakitarudi chote.

Nilimuuliza kwa nini hatukuambiwa. Nilimuuliza vibaya, kwa sauti. Hakukasirika. Akasema wazee wengi wanaoletwa na mifupa iliyovunjika huulizwa kama wameanguka au wamepigwa, na swali linaishia hapo. Sisemi wasiulize. Wapo watoto wanaowapiga mama zao, nawajua kwa sura. Lakini walimuuliza Kituko kwa nondo.

Daktari alikwenda kumweleza sajini aliyekuwa anashughulikia kesi. Sajini akasikiliza, akasema mambo ya homoni yeye hayajui, anataka neno la aliyeumia.

Mjomba aliwahi kabla yake. Aliingia wodini na mfuko wa machungwa, akakaa kwenye kiti cha daktari, akalia kwanza. Kisha akasema aliyokuja nayo. Yeye ana watoto wadogo, akifungwa kazi imekwenda. Dada aseme tu kwamba sakafu ya bucha ilikuwa na mafuta, wote wakateleza, yeye, kijana, kila mtu, nani atabisha. Kituko atafunguliwa pingu, yeye atarudi kazini, na yatakuwa yameishia ndani ya ukoo. Alimwambia dada, baba na mama hawapo, tumebaki wawili.

Nilikuwa nimeshika chuma cha kutundikia dripu. Mama akanitazama nikakiachia. Mjomba hakuwa anadanganya. Yeye na mama walikuwa wamebaki wawili kweli, na mama ndiye aliyemlea huyo mtu, alimbeba mgongoni akiwa bado ana mgongo. Sikujua angesema nini. Na mtaani walikuwa wanamsubiri Kituko. Akitoka kwa maneno ya mafuta na kuteleza, angetoka akiwa bado mpiga mama, na wakati mwingine wasingetumia nondo peke yake.

Sajini akaingia, akasimama miguuni pa kitanda. Akamuuliza nani kamvunja.

"Hakuna aliyenivunja," mama akasema. "Mbavu zimevunjika. Mkono umevunjika. Mifupa yangu imeoza, mwulize daktari."

Mjomba akashusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja. Sajini akasema basi hii ni ajali, akataka kugeuka.

"Sijamaliza," mama akasema. "Mwanangu yuko wodi ya pili. Taya lake halikuvunjika. Limevunjwa."

Sajini akauliza limevunjwa na nani. Mama alimgeukia mdogo wake, polepole, kwa shingo tu, maana kiwiliwili hakikuruhusu.

"Sitaki kukutaja," akamwambia. "Jitaje."

Mjomba alikaa na machungwa yake mapajani. Alikaa mpaka muuguzi akapita na toroli, akarudi, akapita tena. Nilidhani atakimbia, na niliomba akimbie ili nimfukuze.

"Mimi," akasema.

Sajini akapapasa kiunoni, akakumbuka. Pingu alizokuja nazo siku ile zilikuwa kwenye kitanda cha Kituko. Ikabidi twende sote watatu, tukapita ukumbi mrefu unaonuka dawa ya kufulia, mpaka wodi ya wanaume. Kituko alikuwa macho. Sajini akaingiza ufunguo, akafungua mkono wa mpwa, akageuka akafunga mikono ya mjomba, pale pale, kando ya kitanda. Pingu zilikuwa bado na joto la mwili. Mjomba akasema samahani, mwanangu. Kituko akausugua mkono wake uliofunguliwa kwenye shuka.

Niliporudi, mama alikuwa ametazama dari. Akaniuliza kama wamemfungua mwanawe. Nikamwambia wamemfungua. Akauliza na yule je. Nikamwambia wamemfunga, wameondoka naye.

Akaniomba nimgeuzie ukutani. Nikamgeuza kwa viganja viwili, kimoja mgongoni na kimoja nyongani, kama daktari alivyonionyesha. Hapo ndipo alipomlilia mdogo wake, kwa pumzi fupi fupi, akiushikilia ubavu usifunguke.